Kifungo cha Matundu Manne

Shangazi yangu ana kidole gumba kisichokunjika. Ni cha mkono wa kulia, mkono uliomlisha, na kilichokikausha ni mkasi. Mkasi wa kukatia suti si kama ule wa kukatia kucha. Ni pande la chuma, na mtu akilishika kutwa kwa miaka mingi, chuma huanza kudai chake mwilini. Watu wa mtaani walimwita Bi Mkasi zamani, kabla gumba halijamgomea, na jina likamganda hata alipokuwa haushiki tena.

Karakana yake iko ghorofani, juu ya duka la dawa. Ukipanda ngazi, harufu ya dawa ya kikohozi inakusindikiza mpaka katikati, halafu inapokelewa na harufu ya kitambaa cha sufu kilichopigwa pasi kikiwa kibichi. Chumba ni kimoja, kirefu. Cherehani ziko ukutani, pasi iko karibu na mlango, na meza ya kukatia iko chini ya dirisha, kwa kuwa Shangazi hakubali kitambaa cheusi kikatwe kwa mwanga wa taa. Anasema taa inamdanganya mkataji, nayo chaki juu ya kitambaa cheusi inahitaji jua liseme ukweli.

Katika habari hii mafundi wake walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa dada wa makamo aliyeitwa Redio, kwa sababu tangu anapoweka mguu kwenye cherehani mpaka anapoutoa, hanyamazi: habari, matangazo, nyimbo na salamu. Wa pili alikuwa mkataji. Yeye walimwita Taratibu. Angeweza kukizunguka kitambaa kama mtu anayemzunguka nyoka, akasimama, akakuna sikio, akazunguka tena. Mteja akimharakisha alisema, "Taratibu, mzee wangu. Ukikosea kuandika utafuta. Kitambaa hakifutwi." Halafu akikata, amekata.

Alikuja pale akijua kushona mifuko ya suruali tu. Shangazi ndiye aliyemfundisha kukata, na hakufundisha mwingine. Alimfundisha kwa shingo upande, gumba lilipokuwa limeanza kukataa, kama mtu anayegawa shamba lake akiwa hai. Redio alikuwa ameomba kufundishwa mara nyingi. Jibu lilikuwa lilelile: "Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe."

Shangazi alikuwa na sababu yake. Zamani, duka likiwa changa, alifanya kazi na rafiki yake wa toka utotoni. Wakala pamoja, wakalia pamoja, wakafundishana kila kitu. Siku moja rafiki akaondoka, akafungua duka mlango wa pili, na akahama na wateja kama mtu anayehama na vyombo vyake. Shangazi alikuwa akiwasikia kupitia ukutani wakicheka. Mmoja wa wateja wachache waliobaki alikuwa mwanasheria. Alimwonea huruma, akamwandikia aya moja ya kuweka kwenye mkataba wa kila mfanyakazi: atakayeondoka hataruhusiwa kukata wala kushona kwa malipo katika mji huu, kwake wala kwa mtu mwingine, mpaka miaka miwili ipite.

Kila aliyeajiriwa aliisaini aya hiyo siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa kiti. Shangazi aliiita "ile aya". Mwanasheria aliiita kipengele cha kutoshindana. Mafundi waliiita kifungo.

Lugha yetu ina utani wake. Kinachofunga koti na kinachomfunga mtu gerezani ni neno moja. Kwa hiyo Redio aliweza kusema mbele ya Shangazi, sindano mdomoni, "Jamani, hiki kifungo kinanibana," na Taratibu akajibu, "Vumilia, dada, ni cha miaka miwili tu," na Shangazi akapita katikati yao na kikombe chake cha chai asihisi kitu. Katika karakana ya suti, neno kifungo husikika kama salamu. Nani angelitilia shaka?

Mambo yalianza kubadilika Jumapili moja mchana, nyumbani kwake. Sheria mpya ya kazi ilikuwa imepitishwa na magazeti yalikuwa yameijazia kurasa. Shangazi alikuwa amesikia nusunusu, akanitaka nimsomee yote. Alikaa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, macho yamefumbwa, kama mgonjwa anayesomewa majibu ya vipimo.

Sheria ilisema mambo machache. Mwajiri haruhusiwi tena kumzuia mfanyakazi aliyeondoka asiifanye kazi yake kwingine. Siri za biashara zitaendelea kulindwa. Waliokwisha kusaini, saini zao kuhusu jambo hilo hazina nguvu tena.

"Endelea," alisema Shangazi.

"Na kila mwajiri mwenye kipengele hicho anatakiwa awaambie wafanyakazi wake, mmoja mmoja, kabla sheria haijaanza kutumika, kwamba kimekufa."

Alifumbua macho. "Niwaambie mimi?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa mdomo wangu huu nimwambie Taratibu: nenda?"

"Si umwambie nenda. Umwambie anaweza kwenda."

"Hiyo tofauti ndiyo mliyosomea chuo kikuu?"

Kisha nikajaribu tena, nikamwonyesha mahali palipoandikwa kwamba siri za biashara hazijaguswa, hakuna atakayezichukua.

"Siri gani mwanangu?" akasema. "Mimi nina siri gani? Kitambaa kinauzwa dukani, uzi unauzwa dukani, cherehani kila mtu anayo. Siri yangu ni yeye."

Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililonifanya nikunje gazeti. Ni rahisi kumcheka mwajiri anayeogopa sheria inayowafungulia watu mlango. Lakini nilimjua. Kwa mwaka mzima alikuwa amesimama nyuma ya yule kijana, akamwachia aharibu vitambaa ambavyo yeye alivilipia, akamshika kiganja na kukielekeza. Sasa gumba lake lilikuwa limelala, na kile alichokijua kilikuwa kinakaa kwenye mikono ya mtu mwingine. Taratibu akiondoka, karakana haingepoteza mfanyakazi mmoja tu; ingepoteza macho. Kungebaki pasi ya moto, cherehani zinazonguruma na hakuna kitu cha kushona.

Akaahidi kuwaambia kesho yake. Kesho ikafika, akaahidi kesho nyingine.

Wakati huo alikuwa mtu wa ajabu pale kazini. Kikombe cha Taratibu kilijazwa chai kwanza kuliko cha mgeni. Akikohoa, aliulizwa kama amelala vizuri. Simu yake ikilia, Shangazi alikumbuka ghafla kwamba dirisha lililo karibu naye linahitaji kufutwa. Redio aliyaona hayo yote na kuyatangaza. "Leo umepewa sukari vijiko vingapi, kaka? Angalia, ng'ombe hunenepeshwa kabla ya sikukuu."

Mafundi walikuwa wamesikia habari za sheria, bila shaka. Nani asingesikia? Lakini walikuwa wakisubiri mwenye mkataba aseme. Wakangoja, hakusema. Hatimaye Taratibu, kwa utaratibu wake, akaamua kuuliza.

Nilichokiandika hapa nimekipata kwa pande mbili, kwake na kwa Shangazi, na zote mbili zinakubaliana neno kwa neno. Hawakukubaliana maana tu.

Asubuhi ile daktari wa mifugo, mteja wa miaka mingi, alikuwa amerudisha koti lake. Huyu bwana huinamia ng'ombe na koti jipya, na kifungo cha katikati kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Shangazi alikuwa amelilaza koti mapajani, amevaa miwani, anakikagua kile kifungo kwa aibu ya fundi aliyerudishiwa kazi yake. Taratibu akaja, akasimama, akakuna sikio.

"Mama, samahani. Nilitaka kuulizia habari ya kile kifungo."

"Nimeshakiona," alisema Shangazi bila kuinua kichwa. "Nakitoa leo hii hii."

Taratibu hakuamini masikio yake. "Unakitoa kweli, Mama?"

"Sasa nikiache kiendelee kuniaibisha mjini? Kimelegea. Mtu akivuta kidogo tu, kinatoka."

"Ni kweli, Mama. Ahsante sana, Mama."

"Nitaweka kingine. Kikubwa, cha matundu manne. Nikishakikaza na uzi mara mbili, hata ng'ombe akivute kwa meno, hakitoki."

Taratibu alisimama kidogo. Kisha akasema, "Haya, Mama," akarudi kwenye meza yake, akashika chaki, asijue ameishikia nini. Alikuwa akijiuliza ng'ombe ni nani.

"Ng'ombe ni wewe!" alimnong'oneza Redio walipokuwa wakishuka ngazi jioni. "Unayekamuliwa pale ni nani? Si wewe?"

"Amesema cha matundu manne."

"Ni masharti hayo, kaka. Tundu la kwanza, huondoki. La pili, hukati. La tatu, hushoni. La nne, hata suruali ya mwanao ikipasuka uombe kibali."

"Na uzi mara mbili?"

Redio akasimama katikati ya ngazi, akaweka mkono kifuani. "Miaka miwili mara mbili," akasema. "Minne! Mama huyu! Serikali inatufungulia, yeye ananunua kufuli jipya."

Taratibu angeweza kurudi juu na kuuliza. Mtu mwingine angerudi. Lakini yeye alikuwa amefundishwa kazi yake na mwanamke yule, hakuwahi kumjibu, na kumuuliza mara ya pili aliona ni kama kumwambia haelewi lugha. Badala yake, mtu aliyezunguka kitambaa mara nne kabla ya kukikata alifanya jambo la haraka kuliko yote maishani mwake. Kulikuwa na chumba kilichokuwa kinapangishwa upande wa pili wa kituo cha zimamoto. Alikuwa akikipita kila siku kwa miezi, akichungulia kioo, akiondoka. Kesho yake alikwenda akakichukua, kabla hicho kifungo kipya hakijaletwa mezani ili akisaini.

Siku zilizofuata, karakana ilikuwa na ukimya ambao Shangazi hakuuelewa. Redio alishona bila kuimba. Shangazi alimuuliza kama anaumwa jino.

Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana, nami nikiwa pale, Shangazi alipata ujasiri wake. Alisimama karibu na pasi, akafunga mikono, akaifungua, akasema, "Zimeni cherehani. Nina jambo la kuwaambia."

Kabla hajasema jambo lenyewe, Redio alikuwa ameshasimama.

"Mama, mimi nakuheshimu," akasema. "Umenizikia mama yangu mzazi, sitasahau. Lakini kama ni hicho kifungo cha matundu manne, mimi sikisaini."

Shangazi akamtazama. "Usaini kifungo?"

"Sisaini, Mama. Uniue."

"Nani kakwambia usaini kifungo? Mimi tangu lini nimemsainisha mtu kifungo? Nimekishona mwenyewe, juzi, na mwenyewe ameshakuja kuchukua koti lake!"

"Koti?" alisema Redio.

"La daktari wa mifugo!"

Redio akamgeukia Taratibu. Taratibu akatazama sakafu. Kisha nikaona mabega yake yanaanza kutikisika, na kumbe anacheka, mtu ambaye kicheko chake tulikuwa hatukijui. "Ng'ombe," akasema, akishindwa kupumua. "Ng'ombe walikuwa ng'ombe." Redio naye akaangua kicheko, akakaa chini, akajipangusa macho kwa kipande cha bitana.

Shangazi alingoja wamalize. Alikuwa akitabasamu, kama mtu aliyechelewa kufika kwenye mzaha na anataka agawiwe. "Hebu nielezeni na mimi," akasema. "Nyie mlidhani kifungo gani?"

Hapo kicheko kikakatika.

Mwishowe Redio alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Ile aya, Mama. Sisi huwa tunaiita hivyo."

"Tangu lini?"

"Mimi niliikuta inaitwa hivyo."

Shangazi akamwangalia Taratibu.

"Tangu nilipoingia, Mama," akasema.

Akavuta stuli, akakaa. Uliweza kumwona akirudi nyuma, miaka na miaka, akiokota kila mara neno lile lilipotajwa mbele yake na kuligeuza upande wa pili. "Kwa hiyo mkisema kifungo kinabana, kifungo kimekaza, ni kifungo hicho."

"Si kila mara," alisema Redio kwa haraka. "Mara nyingine vilikuwa vifungo kweli."

"Najiita mama yenu, kumbe mimi ni bwana jela."

"Jela nzuri lakini, Mama. Chai ilikuwa ya maziwa."

Hakuna aliyecheka. Shangazi akatikisa kichwa, polepole, akasema lile alilotaka kusema tangu mwanzo. Alilisema kama lilivyoandikwa kwenye sheria, maana nilikuwa nimemsomea mpaka akalikariri: ile aya imekufa, atakayetaka kuondoka aondoke, atakayetaka kushona ashone popote, hata mlango wa pili. Neno "mlango wa pili" lilimpa shida kidogo kutoka.

"Ahsante, Mama," alisema Taratibu. Kisha akaongeza, "Mimi nimeshachukua chumba."

Nilidhani atapiga kelele. Redio pia alidhani hivyo, maana alishika cherehani yake kama mtu anayeshika ukuta wakati wa tetemeko. Lakini Shangazi aliuliza tu, "Wapi?"

"Upande wa pili wa kituo cha zimamoto."

"Pana jua?"

"La asubuhi."

"La asubuhi ni zuri." Kisha akasema, "Ungeniambia, mwanangu. Kama ni mshahara tungezungumza. Kama ni jina lako kuwekwa mlangoni, mimi ubao huu nauonea wivu wa nini? Ungeniambia unataka nini."

Taratibu alikuna sikio. Alifikiri kwa muda wake wa kawaida, ambao ni mrefu.

"Hukuwahi kuniuliza, Mama," akasema. "Sikulaumu. Mtu hamuulizi aliyefungwa kama anataka kukaa."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko mambo mengi niliyosoma vitabuni. Aya ile ilimlinda Shangazi, hilo ni kweli. Ilimwezesha kumfundisha mtu bila kuogopa kuibiwa. Bila aya hiyo pengine asingemfundisha hata mmoja. Lakini ilimwondolea pia haja ya kuuliza. Kwa miaka yote hiyo hakuhitaji kujua kama mkataji wake ana furaha, kama ana ndoto, kama anapita kila siku mbele ya chumba kitupu na kuchungulia kioo. Alijua tu kwamba yupo. Asubuhi akifungua mlango, yupo. Mtu anaweza kudhani hiyo ni amani.

Taratibu alikaa mpaka alipomaliza suti za bwana harusi na ndugu zake, kazi ambayo ilikuwa imeshapokelewa. Hakuharakisha hata pindo moja. Siku ya mwisho Shangazi alimpa mkono, halafu akamshika kiganja na kukigeuza, akakitazama, akakiachia.

Baada ya hapo mambo yalikuwa magumu, na sitaki kuyapamba. Shangazi alikataa kazi ya suti za kwaya nzima kwa kuwa hakuwa na mtu wa kuikata. Aliwahi kujaribu mwenyewe. Mkasi ukamponyoka, ukatoboa zulia. Alikodisha mkataji wa muda aliyekata mikono miwili ya kushoto. Wateja kadhaa wakashuka ngazi wakiwa na vitambaa vyao chini ya kwapa. Alilala macho, akaamka na maneno makali juu ya wale wanaotunga sheria wakiwa wamevaa suti na hawajui suti inatoka wapi.

Kisha akaja dada mmoja kuomba kazi. Alikuwa mwembamba, kichwa kimeinama upande kidogo, akasimama mlangoni kana kwamba mlango ule utamdai kitu. Alikuwa ametoka kiwanda kikubwa cha mashati. Tangu alipoondoka kule alikuwa akikunja mashuka ya hoteli, kwa sababu kiwanda nacho kilikuwa na aya yake, na kilimtishia kumpeleka mahakamani akigusa cherehani ya mtu mwingine. Sasa sheria ilikuwa imemfungulia.

"Kule ulikuwa unashona nini?" aliuliza Shangazi.

"Kola."

"Na nini kingine?"

"Kola tu, Mama. Miaka yangu yote kola."

"Wakakufungia kwa ajili ya kola?" Shangazi aligonga meza. "Kola ina siri gani? Wanaogopa ukawaambie watu kwamba shati lina shingo?"

Redio aliinamia kazi yake, akang'ata mdomo. Shangazi aliona, akajisikia mwenyewe alivyosema, na hasira yake ikashuka kama maziwa yaliyoondolewa motoni. Hakumgeukia Redio. Akampa yule dada kipande cha kitambaa, akamtazama akishona kola. Ilitoka imenyooka kama imechorwa. Tukaanza kumwita Kola siku hiyohiyo.

"Nisaini wapi?" aliuliza Kola, akishika kalamu upesi, kama mtu aliyezoea.

"Utasaini baadaye, na hakuna cha kukufunga humo," alisema Shangazi. "Kwanza niambie. Unataka nini?"

Kola akatutazama mmoja mmoja, akitafuta mtego. "Nataka kazi, Mama."

"Kazi umepata. Nauliza ukishapata kazi, unataka nini."

Ilichukua muda. Shangazi, ambaye si mtu wa kungoja, alingoja. "Nataka nguo nzima," alisema Kola hatimaye. "Nianze mwanzo nimalize mwisho. Nione mtu ameivaa anatembea nayo."

"Haya. Sogea kwenye meza ya kukatia."

"Na mimi je?" Redio alizima cherehani yake. "Mimi ni kinyago humu? Miaka yote naomba, leo mgeni hata kiti hajakikalia anaitwa mezani!"

"Wewe nani amekushika miguu? Njoo."

Ndivyo alivyoanza kufundisha tena, kwa mdomo, kwa kuwa gumba halikubali. Husimama nyuma yao na kusema: usiubane mkasi, ulaze, taya la chini lisiiache meza, bega la mtu si rula. Siku moja nilimuuliza tulipokuwa tunafunga mlango kama haogopi kwamba hawa nao watajua, kisha wataondoka.

"Naogopa," akasema. "Unadhani nimekuwa malaika?" Akavuta mlango, akautikisa kuhakikisha. "Redio nimemwongeza mshahara, faida imepungua. Kola naye nitamwongeza. Kila mwezi itanibidi niwaulize tena mnataka nini, kama mchumba. Mimi nilishatoka kwenye uchumba, mwanangu, nina wajukuu. Zamani nililala usingizi."

Wiki iliyopita alikuja mhasibu mstaafu, mmoja wa wateja wake wa mwanzo kabisa. Mtu mkubwa, tumbo limetangulia, kitambaa cha kijivu mkononi. Kila mteja wa zamani ana karatasi yake pale, ya umbo la mwili wake, imekatwa na kuning'inizwa kwenye ndoano, ili asipimwe upya kila mara. Alitazama meza ya kukatia, akawaona wanawake wawili.

"Yule kijana wangu yuko wapi?"

"Ana duka lake sasa," alisema Shangazi.

"Ah." Aliona haya kidogo. "Unajua, Bi Mkasi, yule ameshauzoea mwili wangu. Kwa umri huu sitaki kuanza kujuana na mtu. Sijui kama… ile karatasi yangu…"

Redio na Kola waliacha kila walichokuwa wakifanya. Ile karatasi Shangazi aliichora mwenyewe, na kuirekebisha kila tumbo lilipoongezeka. Hiyo, kama kuna siri ya biashara pale, ndiyo yenyewe, na hakuna sheria ambayo ingemlazimisha kuitoa.

Alinyanyuka, akaitafuta kwenye ndoano, akaishusha. Akaitazama kwa muda. "Karatasi ni yangu," akasema, "lakini tumbo ni lako." Akaikunja vizuri, akampa. "Ukishuka, fuata barabara mpaka kituo cha zimamoto. Ni upande wa pili. Nenda asubuhi, ndipo anapopata jua. Na suti ijayo njoo hapa uwajaribu hawa, halafu ulinganishe. Mimi sikuombi huruma. Linganisha tu."

Mhasibu alishukuru, akashuka ngazi kwa uangalifu wa watu wazito. Tulimsikia mpaka chini.

"Atarudi, Mama?" aliuliza Kola.

"Sijui," alisema Shangazi. Akavuta miwani yake, akainama juu ya kitambaa kilichokuwa mezani, mahali Kola alipokuwa ameusimamisha mkasi. "Mstari huo unakwenda wapi? Haya. Kata."